Kitabu Kilichokatwa kwa Panga

12 Machi

Daftari jipya, kwa hiyo naanza kwa utaratibu. Mimi ni Aikaeli, fundi wa kushona vitabu, Moshi mjini. Natumia chumba kimoja na Praygod. Upande wake kuna mashine za kopi na leminesheni. Upande wangu kuna meza, sindano, nta na sufuria ya gundi ya unga wa ngano. Ninaishi Shirimatunda. Nitaandika mvua kwanza, halafu kazi, halafu mengineyo.

Mvua: imeanza alfajiri, ya kwanza ya masika.
Kazi: Biblia mbili zilizong'oka mgongo, kitabu kimoja cha nyimbo.
Mengineyo: leo mengineyo ndiyo yote.

Mchana aliingia mama mmoja mwenye mwavuli uliovunjika mbavu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge. Alisema anaitwa Theodora, ni mwalimu, ametoka Mkuu Rombo, na baba yake anataka kitabu chake kishonewe jalada la nyuma.

"La mbele lipo," alisema. "La nyuma mimi sijawahi kuliona."

Nilifungua kitenge. Ngozi nyeusi juu ya ubao. Ubao, si kadibodi! Karatasi nene, ngumu kama shuka lililotiwa wanga. Ukurasa wa kwanza una herufi kubwa nyeusi, na chini kabisa zimepangwa MDCXI. Namba za Kirumi nilizisoma sekondari na sikujua zingenifaa lini. Zimenifaa leo. Mwaka 1611.

Nilikaa chini. Praygod akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Karibu kila ukurasa una picha. Kaa, pweza, kinyonga, nzige, simba mwenye uso wa mtu aliyeudhiwa na shemeji zake, kifaru aliyevishwa ngozi kama mabati ya paa. Picha zilichongwa kwenye mbao kisha zikapigwa chapa. Ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unahisi wino ulivyoikanyaga.

"Ni kitabu cha viumbe," mama Theodora alisema. "Wanyama, samaki, wadudu, mimea. Kilatini chote. Baba alikaa seminari miaka miwili, ndiye peke yake anayekisoma pale nyumbani."

Nikakigeuza nione mgongo, na hapo nusura nipige kelele. Mgongo umekatwa. Haukuchanika, umekatwa, kwa chuma, kwa pigo moja.

"Mama, nusu nyingine iko wapi?"

Alifunga mwavuli wake, akaufungua, akaufunga tena. "Fundi, baba hataki swali hilo. Wewe shona tu."

13 Machi

Mvua: siku nzima.
Kazi: sijashona kitu. Nimekuwa nikiangalia.

Nimegundua jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu. Chini ya kila mkunjo wa karatasi, yaani fungu la majani yanayokunjwa na kushonwa pamoja, kuna herufi: A, halafu B, halafu C. Mimi pia huandika hivyo kwa penseli, ili nisikosee mpangilio wakati wa kushona. Kwa hiyo herufi hizi hazikuwekwa kwa ajili ya msomaji. Mchapaji yule wa mwaka 1611 alimwandikia fundi wa kushona. Aliniandikia mimi!

Alfabeti yao ilikosa J, U na W. Kitabu hiki kinaishia M. Basi mahali fulani duniani kuna N hadi Z, au palikuwa nazo.

Mambo mengine mawili. Kwanza, ukurasa wa mwisho una nusu ya picha: majani marefu yenye ncha, yanakimbilia kulia na kukatika pale panga lilipopita. Pili, kuna kitundu cha mdudu, duara safi kama ncha ya msumari, kinachoanza kwenye mkunjo wa K na kunyooka hadi jani la mwisho. Mdudu huyo hakugeuka. Alikuwa akielekea nusu ya pili.

16 Machi

Mvua: ipo.
Kazi: nyingi, za kawaida.

21 Machi

Mvua: asubuhi haikuwepo, nikapanda Rombo.

Nilikwenda kumwona mwenye kitabu, kwa sababu sikuweza kukata ngozi ya jalada bila kumwuliza. Mzee Thadeus ni mrefu, amevaa koti la suti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Macho yake yameingia ukungu. Aligeukia sauti yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mmachame?"

"Ndiyo, baba."

"Na ni Mlutheri."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Kitabu hakina dhehebu. Keti."

Mama Theodora akaniletea mtori. Mzee alikigusa kitabu kabla hajakifungua, kama mtu anayemkagua ng'ombe wake aliyetoka kwa daktari. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akausogeza hadi karibu na pua, akasoma Kilatini kwa sauti, halafu akanitafsiria: "Na mti huu, ukikatwa kwa chuma…"

Nikasubiri. "Halafu, baba?"

"Halafu hakuna. Nimesoma hadi hapo tangu mwaka tisini na moja. Wanyama wote nimewamaliza, ndege wote, samaki robo tatu ya waliopo. Nikifika hapa ni kama mtu kanifungia mlango usoni. Daktari anasema macho haya yana miezi, si miaka. Nipigie jalada hapo hapo. Kitabu kisicho na mwisho kinamtesa mtu. Kifunge, kiwe kimekwisha."

Nilisema ndiyo, baba. Lakini moyo wangu ulisema hapana, na nadhani uso ulisema hivyo pia, ila yeye hakuweza kuuona.

Mama Theodora alinisindikiza hadi kwenye ua wa masale ulio mpakani, na hapo, kwa sauti ya chini, akanieleza yote. Babu yake, mzee Jacob, aliwahi kumsaidia padre mmoja Mzungu kukusanya wadudu na mimea ya mlimani, na padre alipoondoka alimwachia kitabu. Mzee Jacob alipofariki, wanawe wawili waligawana kihamba, shamba la ukoo. Wakagombana. Kila kitu kikagawanywa katikati: migomba, mibuni, vyungu, hata ngazi ya kuchumia parachichi ilikatwa. Kilipobaki kitabu, wakakifungua katikati, wakakilaza juu ya gogo, wakakikata kwa panga la migomba.

"Mkubwa akachukua mwanzo, mdogo akachukua mwisho," alisema. "Kama kihamba, fundi. Juu na chini."

"Na mdogo yuko wapi?"

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya masale. Nyuma ya majani niliona moshi wa jiko ukipenya kwenye paa. "Pale. Baba mdogo Ildefonce. Hawajasemezana toka siku ile."

N hadi Z, hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama! Nilirudi Moshi nikiwa nimesahau mwavuli wangu.

26 Machi

Mvua: kubwa. Gundi inaota ukungu kabla haijakauka. Nimepata sababu ya kuchelewesha jalada.

2 Aprili

Mvua: sijui. Naam, sijui kama ilinyesha leo.

Nilikuwa napiga nta uzi. Kijana mmoja wa miaka kama thelathini, mwenye koti la mvua la waongoza wageni mlimani, alikuwa akiongea na Praygod. Sikuwajali. Nikasikia Praygod akisema, "Karatasi hii imezeeka, kaka, lakini plastiki itaishika." Kisha mlio wa mashine ya leminesheni ikipata moto.

Niliinua kichwa. Ndani ya mfuko wa plastiki, mdomoni mwa mashine kabisa, palikuwa na karatasi nene ya rangi ya chai, na chini yake herufi N.

Mikono yangu ilifika kabla ya sauti yangu. Nilimpiga Praygod kikumbo hadi akaikalia mashine ya kopi, nayo ikatoa kopi ya suruali yake.

"Dada! Umepandwa na nini?"

"Zima! Zima hiyo mashine!"

Kijana alibaki ameduwaa. Niliitoa karatasi kwenye plastiki kwa vidole viwili. Ilinuka moshi wa kuni. Nikaikimbiza mezani kwangu, nikaiweka juu ya jani la mwisho la M. Kitundu cha mdudu juu ya kitundu cha mdudu. Niliingiza sindano kwenye M ikatokea kwenye N bila kugusa ukingo.

Nikayalaza kando kwa kando. Na ile picha! Kushoto majani yanakimbia kulia. Kulia shina nene na majani mengine yanakimbia kushoto. Yalipokutana, sikuhitaji Kilatini. Mchagga yeyote angeona. Isale, kama masale yale ya mpakani. Ilikuwa nene mno, shina kama la mti mkubwa, haikuwa isale yetu hasa bali ndugu yake wa ng'ambo, lakini kwa majani ni isale.

Nikawaza siku ile ya gogo. Isale ndiyo tunayopanda mpakani ili watu wasigombane, na ndiyo anayobeba mtu akienda kuomba msamaha. Ukiletewa, huwezi kukataa. Ndugu wale walifungua kitabu pale pale, wakaipiga panga.

"Samahani," kijana alisema, "mimi nilitaka leminesheni tu."

Anaitwa Fredy. Ni mtoto wa mzee Ildefonce. Alisema masika hakuna wageni wa kupanda mlima, mwongozaji anakaa bure hadi Juni. Juu ya dari la jiko kuna kitabu cha zamani kilichokatika, kimelala na mahindi. Amefikiria: msimu ukifunguka, kila mgeni akishuka mlimani auziwe picha moja ndani ya plastiki, isilowe.

"Umeshauza?"

"Moja tu. Ya samaki. Mwaka jana, kwa mama mmoja Mholanzi. Alilia kwa furaha."

Nilitaka kumchapa. Nilimwangalia nikaona mjinga mwenye tabasamu zuri, mtu anayechuna ngozi ya babu yake na kuiuza vipande. Nikamwambia aniachie jani ili nilisafishe kwanza.

"Mashine mnaizimia nini, basi?"

"Umeme umekatika, kaka," Praygod akajibu haraka, taa ikiwaka juu ya kichwa chake.

3 Aprili

Mvua: ndogo.

Nilimpigia mama Theodora. Alipiga yowe hadi wanafunzi wake wakaanza kumwuliza kuna nini. Jioni akanipigia, sauti imepoa. Alimwambia baba yake kwamba jani lililofuata limepatikana, kwamba sentensi yake imo, kwamba anaweza kulisoma wiki hii.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hilo jani ni la mdogo wangu. Mtu hali ndizi za kihamba cha mwenzake. Lirudishwe.' Nikamwambia ile picha ni isale, baba, si katani kama ulivyodhani. Halafu akaomba apelekwe kulala, na jua bado liko juu."

Nimemchukia kidogo mzee Thadeus leo. Halafu nimemheshimu, na hilo limeniudhi zaidi.

14 Aprili

Mvua: iliniloanisha hadi magotini.

Nimelirudisha jani kwa mkono wangu mwenyewe. Nilichukua pia karatasi nyembamba ambayo juu yake nilikuwa nimefuatisha kwa penseli ile nusu ya picha iliyo upande wa mzee Thadeus.

Mzee Ildefonce ni mfupi, mcheshi, amekaa jikoni na kata ya mbege, pombe ya ndizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, marahaba. Nasikia wewe ni Mmachame. Fredy, ficha mbuzi!"

Alicheka peke yake kwa utani ule wa zamani juu ya Wamachame. Akanipa mbege, nikanywa, akasema Mlutheri huyu ana koo la Kikatoliki. Fredy alipanda ngazi akateremsha kitabu kutoka darini. Kilikuwa cheusi kwa masizi kama chungu, lakini nilipokifungua nilishangaa: zaidi ya kile kitundu cha kabla ya panga, hakuna mdudu hata mmoja aliyekigusa. Cha mzee Thadeus, kilichokaa sandukuni, kimetobolewa pembeni kama chujio. Hiki kilifukizwa kila siku, na jalada la nyuma lipo zima, na ubao wake.

"Mimi sikisomi," mzee Ildefonce alisema. "Natazama. Kuna mdudu mmoja humo ana macho kama ya mwenyekiti wetu wa kijiji. Profesa wa Kilatini ng'ambo hajambo?"

"Macho yanamsumbua, baba."

Kata ilisimama njiani. "Yanamsumbuaje?"

Nikamwambia. Nikaweka jani la N mezani, na karatasi ya penseli kando yake, nikazisogeza hadi zikagusana. Aliinama. Moto ulipasuka mara moja.

"Mimi nilidhani ni nanasi," alisema polepole.

Fredy naye aliinama, akatazama, na lile tabasamu lake likamtoka.

"Baba," nikasema, "nikubalie nizishone. Sehemu zote mbili. Naweza."

"Aliyeshika panga siku ile ni yeye. Mimi nilishika kitabu tu. Aje na isale, tutaongea."

"Na yeye asipokuja?"

"Basi kila mtu na nusu yake. Yeye alichukua kichwa, mimi nikachukua mkia. Ng'ombe haungwi."

18 Aprili

Mvua: ipo. Mama Theodora anasema baba yake naye anaapa kwamba aliyeshika panga ni Ildefonce.

25 Aprili

Mvua: ipo. Praygod amebandika ukutani kopi ya suruali yake.

6 Mei

Mvua: tangu juzi haijakata.

Fredy aliingia saa nne asubuhi akivuja maji kila upande, isipokuwa mfuko aliokumbatia, ule mfuko wa plastiki nzito ambao wapagazi hutumia kubebea mizigo ya wageni.

"Dada Aikaeli, paa la jiko limefunguka. Maji yalimwagika juu ya dari. Mahindi nimeyaacha. Nimebeba hiki."

Alikibeba kutoka Mkuu hadi kwangu kwa pikipiki, amekivalisha mfuko ambao hakuuvaa yeye. Nilikifungua. Mikunjo ya kwanza na ya katikati imelowa chapachapa. Masizi yalikuwa yanaanza kutiririka juu ya picha.

Hakuna mtu aliyeuliza kitu baada ya hapo. Nilifuta meza yote. Tulianza kutenganisha majani moja moja kwa kisu cha mfupa, tukiweka karatasi nyeupe kavu kati ya kila jani, tukibonyeza kwa kiganja, tukitoa iliyolowa, tukiweka nyingine.

"Karatasi zangu!" Praygod alilia. "Hizo ni rimu za wateja!"

"Lete nyingine."

Alileta nyingine. Halafu akaleta feni yake mwenyewe, akaielekeza ukutani ili upepo urudi taratibu. Fredy alitaka kuwasha jiko la mkaa. Nilimkataza. Karatasi ikikaushwa haraka hukunjamana milele.

"Kama kahawa," akasema. "Bibi alikuwa anaifunika jua likiwa kali. Polepole, kivulini, na kuigeuza."

"Hivyo hivyo."

Akageuza. Vidole vilivyozoea kamba na mawe vilishika jani la mwaka 1611 kama vinashika kifaranga. Alipofika mahali pa picha ya samaki iliyouzwa, aliona ule ukingo alioukata kwa wembe, akapitisha kidole juu yake.

"Dada," akasema, "yule mama Mholanzi nina barua pepe yake."

7 Mei

Mvua: ipo. Kugeuza majani. Fredy amekuja.

8 Mei

Mvua: ipo. Kugeuza. Mzee Ildefonce anatuma salamu na ndizi, na kuuliza kama yule mdudu mwenye macho ya mwenyekiti ameokoka. Ameokoka.

11 Mei

Mvua: ipo. Masizi ya juujuu yanatoka kwa mkate laini ukisugua taratibu. Mkate wangu wa chai umekwisha.

19 Mei

Mvua: saa moja tu!

Kila jani limekauka. Yamejikunja kidogo pembeni, lakini wino haujatikisika. Leo nimezipanga nusu zote mbili mezani kwa mara ya kwanza, A hadi Z. Nilisimama mbele yake nikishindwa kula.

Praygod alikuja akasimama kando yangu. "Si ushone tu? Nani atajua? Utawapa kitu kizima, watafanyaje, wakikate tena?"

Wanaweza. Hilo ndilo tatizo. Kitabu kilichounganishwa bila wao kinahitaji panga moja tu.

24 Mei

Mvua: hakuna.

Mama Theodora na Fredy walikutana kwangu. Ni mtu na binamu yake, wamekua wakitazamana juu ya masale, na leo ndiyo mara ya kwanza wamekaa kwenye benchi moja. Walianza kwa "hujambo" ya barazani, wakaishia kucheka hadi machozi, wakiigana baba zao.

"Wangu anasema mkubwa hapeleki isale kwa mdogo."

"Wangu anasema mwenye kosa ndiye anayepeleka."

"Nani ana kosa?"

"Mwenye panga."

"Nani alikuwa na panga?"

"Baba yako!" wakasema pamoja.

Fredy akasema afadhali tuwaite siku moja bila kuwaambia. Nilikataa. Wazee si kuku, huwatupii mahindi ukafunga mlango. Lakini wakati nasema hivyo macho yangu yalikuwa juu ya yale majani mawili, la mwisho la M na la kwanza la N, na nikaona cha kufanya. Ni wazi kiasi kwamba nilijipiga paji la uso.

Nimempa mama Theodora jani la M ampelekee baba yake. Nimempa Fredy jani la N ampelekee wake. Na ujumbe mmoja kwa wote wawili, bila kuficha neno: fundi anasema hawezi kushona kitabu pasipo majani haya mawili, na hatayapokea mkononi mwa mtoto. Kila mwenye jani alilete mwenyewe. Jumamosi ya tarehe nane. Na mwenzako ameambiwa hivi hivi.

28 Mei

Mvua: hakuna. Hakuna jibu.

1 Juni

Manyunyu. Hakuna jibu. Fredy amepata kundi la wageni, anapanda nao kesho. Ameniambia hatabeba karatasi yoyote ya kuuza. Sikuwa nimemwuliza.

5 Juni

Mama Theodora: "Amelifungia jani kwenye koti la suti. Hasemi kitu."

8 Juni

Mvua: hakuna. Mlima uko wazi tangu asubuhi, mweupe juu.

Nilifagia mara mbili. Praygod alivaa shati la kanisani, akasema ni bahati tu.

Saa tano mzee Ildefonce alifika, amemtangulia Fredy aliyeshuka mlimani jana, uso umebabuka kwa jua. Mzee alishika bahasha kubwa kifuani kwa mikono yote miwili. Aliketi, akatazama mlango, akatazama meza, hakufanya mzaha hata mmoja. Nilianza kuogopa.

Saa tano na nusu mama Theodora alimwingiza baba yake akiwa amemshika kiwiko. Mzee Thadeus alisimama kizingitini. Hakuweza kuona ni nani aliyemo, lakini alivuta pumzi, na nadhani alinusa moshi wa jiko la kwao.

"Ildefonce," alisema.

"Kaka."

Hakuna aliyesogea. Nje bodaboda zilikuwa zinapigiana honi.

"Umebeba nini?" mzee Thadeus akauliza.

"Nimebeba isale. Nusu." Sauti ya mzee Ildefonce ilikwaruza. "Na wewe?"

Mzee Thadeus aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani lake, taratibu, akalinyoosha mbele yake hewani.

"Na mimi."

Mzee Ildefonce akainuka. Akalipeleka lake hadi likagusa la kaka yake, pale hewani, na mimi nikawa naomba Mungu wasiyakunje.

"Wewe ndiye ulikuwa na panga," mzee Ildefonce akasema, akilia.

"Panga lilikuwa langu. Wewe ulisema, 'Piga.'"

"Nilisema."

"Basi tulikata wote."

Mama Theodora alikuwa ameshika mdomo. Praygod aligeukia ukuta, akajifanya anabandua ile kopi ya suruali yake.

Nikayaweka majani mezani chini ya mwanga wa mlango. Mzee Ildefonce akavuta kiti, akamketisha kaka yake, akasimama nyuma yake. "Soma, Profesa. Mimi nina miaka thelathini na zaidi natazama nanasi."

Mzee Thadeus aliinama hadi nywele zake zikagusa karatasi. Akasoma Kilatini chake polepole, kidole kikivuka kutoka jani la M kwenda jani la N pasipo kusimama. Halafu akarudia kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Na mti huu, ukikatwa kwa chuma… hutoa damu nyekundu. Na damu hiyo ikikauka, huwa dawa ya majeraha."

"Rudia," mzee Ildefonce akasema.

Akarudia.

15 Juni

Mvua: hakuna. Masika yamekwisha.
Kazi: N imeshonwa kwa M. Uzi wa kitani, nta mpya, kamba nne za mgongoni. Jalada la nyuma nililoagizwa halikuhitajika. Lilikuwepo darini siku zote. Mahali pa samaki nimeshonea jani jeupe. Fredy ameandika barua pepe Uholanzi, bado hajajibiwa.
Mengineyo: paa la jiko limezibwa, na kitabu kinakwenda kukaa darini kwa mzee Ildefonce, kwenye moshi, mbali na wadudu. Mzee Thadeus atavuka kila mchana kukisoma kwa sauti, akianzia alipofungiwa mlango. Wamefungua njia kwenye masale kwa kuyasogeza pembeni na kuyafunga fundo. Hawakukata hata jani moja.